Njia ya Shule: Ni Baraka au ni Mzigo?

Ukisimama alfajiri kando ya barabara huko Kasulu au Kibondo, umande ungali katika majani, utawaona vijana wa sekondari wakipita. Wakati wa mvua huvishika viatu mkononi, na madaftari huyafunika yasilowe. Jioni watairudia njia ile ile. Mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne. Lakini vilima havikuondolewa, wala mabonde.

Nao matabibu wasifu mwendo huo. Shirika la Afya Duniani lafundisha ya kuwa yampasa kijana kuushughulisha mwili wake dakika 60 kila siku. Mwaka 2019 lilitangaza hesabu za nchi 146: katika wanafunzi 100 wa miaka 11 hadi 17, 81 hawakufikia kiasi hicho. Wasichana walikuwa 85 katika 100, na wavulana 78.

Basi huenda mzazi akasema, "Watoto wetu wanayo dawa hiyo bure. Mwaulalamikia nini urefu wa njia?"

Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Babu zetu Waha walitembea siku nyingi wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko mashariki. Miguu yao ilikuwa na nguvu sana. Lakini ni nani aliyesema kwamba taabu ile ilikuwa baraka, kwa kuwa iliwatia nguvu miguuni?

Tena mtazameni msichana. Afikapo nyumbani, ndoo yamngoja na kuni zamngoja, hali ndugu yake yu kiwanjani na mpira. Ukihesabu dakika tu, wote wawili wameushughulisha mwili. Ukizitazama nyuso zao, mmoja amechangamka, na mwingine amechoka hata kitabu hakifunguliwi usiku.

Kumbe, jema litokalo katika shida ya mwenzetu halitupi ruhusa ya kumwacha katika shida hiyo. Kutembea ni kwema. Kutembea na njaa si kwema, wala kutembea peke yake gizani, wala kuongezewa mzigo baada ya safari.

Basi tufanyeje? Mama na baba, mtoto asitoke bila uji. Vijana wa kitongoji kimoja na waende pamoja. Mvulana naye na ashike ndoo, ili dada yake apate saa ya kucheza na saa ya kusoma. Wakaao mbali mno, wazee wa kijiji na washauriane juu ya bweni. Naye akaaye karibu na shule, asipelekwe kwa pikipiki, na atembee.

Tusimnyime mtoto njia yake. Tumwondolee miiba iliyomo njiani.