Hermione ni wa Nani?

Kabla ya mwaka 2015 wapenzi wa Harry Potter walishaanza kumchora Hermione akiwa msichana mweusi. Desemba mwaka huo Noma Dumezweni, mwigizaji mweusi, akatangazwa kuwa Hermione wa jukwaani London. Watu wakaja juu: eti Hermione ni Mzungu, aachwe alivyo! J.K. Rowling mwenyewe akaunga mkono uteuzi huo.

Je, kumchora upya ni kumwiba? Mimi nasema hapana. Mwizi humwacha mwenye mali mikono mitupu. Hapa kitabu kiko palepale, hata herufi haijahama. Tena Hermione hutukanwa kwamba ana damu chafu, kwa kuwa wazazi wake si wachawi. Binti mweusi akisoma hayo, ataachaje kujiona?

Lakini sisi tunaoandika tusibweteke, jamani. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Hermione hata awe mweusi tii, bado shule ni ya Waingereza na mkasa ni wao. Basi chora, ndugu yangu, kisha shika kalamu umuumbe wa kwako. Siku mtoto wa mbali akimchora huyo kwa rangi ya kwao, usimwite mwizi.