Haya ya Mama na Haki ya Binti

Haya ni pambo, lakini hata pambo lina mahali pake. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote wakingwe na kirusi kiletacho saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 umri ukashushwa hadi miaka 9, na dozi zikawa moja badala ya mbili. Binti akiuliza sindano ile ni ya nini, mama hujibiwa na haya yake kabla hajamjibu mtoto.

Jibu la kweli ni zito. Kirusi hiki huenea kwa kukutana kwa miili, na chanjo huzuia maambukizo wala haiondoi yaliyokwisha ingia; ndiyo sababu hupewa mtoto. Mama husema ni sindano ya afya, akanyamaza. Wako wadhanio kuwa kulitaja jambo ni kulifungulia mlango. Hofu hiyo haifai kuchekwa, maana imezaliwa na mapenzi. Lakini uchunguzi wa nchi mbalimbali haukuona kwamba waliochanjwa huyaanza mambo ya utu uzima mapema kuliko wenzao.

Je, kimya hiki humlinda binti au humnyima kilicho chake? Humnyima. Mwili uchomwao ni wake. Tena aina mbili za kirusi, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Zipo nyingine, na aliyechanjwa hana budi kupimwa ukubwani. Atakwendaje kupimwa asiyejua alikingwa na nini? Na pasipo maelezo huingia uvumi: husemwa kwamba sindano huua uzazi, hali saratani yenyewe ndiyo iwapotezeayo wanawake vizazi vyao, na pengine roho zao.

Waswahili hawakukosa njia ya kusema. Somo alimfundisha mwari mambo mazito kuliko haya, kwa mafumbo na nyimbo, wala hakuitwa mtovu wa haya. Shida ni kwamba somo alingoja mwari avunje ungo, na chanjo haingoji. Basi mtoto wa miaka 9 na aambiwe kiasi chake: kwamba uko ugonjwa wa wanawake wazima, kwamba mbegu yake hutoka mwili hata mwili, na kwamba sindano huitangulia. Yaliyosalia ataongezewa akivunja ungo, pamoja na habari ya kupimwa.