Nani Aliyemletea Mtoto Tetekuwanga?

Liko swali linaloulizwa karibu katika kila nyumba ambamo mtoto mchanga ameugua: nani aliyemletea? Sisi wa huku Didia twalijua swali hili, na twajua pia linaweza kufika wapi. Safari hii twapenda kulitazama kwa njia ya ugonjwa ambao wengi huuona mdogo, yaani tetekuwanga.

Kwa mtoto wa shule ya msingi tetekuwanga ni homa ya siku chache, malengelenge yanayowasha, na furaha ya kutotumwa shambani. Kwa mchanga mambo ni mengine. Mama aliyewahi kuugua zamani humpa mwanawe kinga akiwa bado tumboni, nayo humlinda miezi ya kwanza, ingawa mtoto aliyezaliwa kabla sana ya wakati wake huipata kidogo mno. Lakini mama akitokwa na malengelenge kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, mtoto hupokea ugonjwa bila kupokea kinga, kwa maana mwili wa mama haujapata muda wa kuitengeneza. Ugonjwa waweza kuingia mapafuni, katika ini na hata ubongoni. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku ile ile.

Wala tusidhani kwamba kila mama alikwisha kuugua utotoni. Katika nchi za joto watu wengi zaidi hufika utu uzima bila kuupata kuliko ilivyokuwa katika nchi za baridi, na chanjo yake, aliyoibuni Michiaki Takahashi huko Japani mwaka 1974, haimo katika chanjo za kawaida za kliniki zetu.

Tuchukue mfano. Kijana ametoka machimboni Geita kuja kumpa dada yake hongera ya uzazi. Ameleta sukari na kanga, amempakata mpwa wake, amelala pale. Kesho kutwa yake anatokwa na vipele. Tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, na aliyeambukizwa hukaa siku 10 hadi 21 ndipo augue. Basi siku ile kijana alikuwa mzima machoni pake na machoni pa watu wote. Je, ana hatia?

Twasema hana. Mtu aweza kuwa chanzo cha jambo asiwe mkosaji. Wanafunzi wa Bwana Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu nao walitaka watajiwe mwenye dhambi, ni yeye au ni wazazi wake, na Bwana hakuwatajia hata mmoja. Sisi yatupasa kulikumbuka hilo kuliko wengine, maana mkoa wetu wa Shinyanga umebeba jina baya nchini kwa ajili ya mauaji ya vikongwe. Mtoto aliugua, wakubwa wakaenda kwa mpiga ramli, na bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni akalipa kwa uhai wake. Zile siku 10 hadi 21 ndizo mlango anaoingilia mpiga ramli: aliyeuleta ugonjwa amekwisha kuondoka na kusahauliwa, na jirani ndiye aliyebaki wa kutazamwa.

Lakini kutojua humfunika mtu mpaka siku anapojua. Mwaka 1977 Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca katika Somalia, alipanda gari kwa dakika chache kumwonyesha njia dereva aliyewachukua wagonjwa wa ndui. Alipougua alidhaniwa kwanza ana malaria, kisha tetekuwanga, na watu walikuwa karibu naye muda wote huo. Kumbe ni ndui, na yeye ndiye wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Kwa rehema hakuna aliyeambukizwa naye. Miaka ya baadaye alizunguka akihimiza chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi habari zake mwenyewe, hata alipofariki mwaka 2013.

Kijana wetu naye, kipele cha kwanza kikitoka, anadaiwa neno moja: kumpelekea dada yake habari upesi, ili mtoto atazamwe na mganga mapema. Ni neno gumu, kwa sababu anajitaja mwenyewe. Na mahali ambapo anayejitaja hutukanwa au hupigwa, watu watanyamaza, na mtoto atapoteza siku ambazo dawa ingemfaa. Hapo ndipo desturi ya kumsaka mkosaji inapomdhuru yule yule tunayedai kumtetea.

Wengine watasema yote ni mapenzi ya Mungu. Sisi hatujaona mahali alipotuomba tumsaidie kwa kupeleka malengelenge. Wengine watasema asiyekwenda kumwona mzazi ana kinyongo, na hili ni zito zaidi, maana desturi yenyewe ni njema. Basi aliye na homa, au mwenye mgonjwa wa tetekuwanga nyumbani, atume salamu na unga wa uji kwa mkono wa mwingine, aseme na sababu. Na mzazi asimhesabie.

Limebaki jambo la bibi. Tetekuwanga ikipona hubaki imelala mwilini, na uzeeni huweza kuamka kwa jina la mkanda wa jeshi. Maji ya malengelenge hayo yaweza kumpa mchanga tetekuwanga. Kumwambia bibi asimpakate mjukuu wake, katika nchi ambako vikongwe wamedhaniwa hivyo, ni kazi ya kufanywa kwa adabu. Aambiwe yeye mwenyewe, si majirani kwanza, naye aelezwe kwa nini. Nguo yake ifunike vipele. Vikikauka vyote na kufanya magamba, apewe mjukuu wake ampakate, mchana, barazani, watu wakiona.