Sekunde Tisa za Bibi

Katika video ya harusi ya mdogo wangu kuna sekunde tisa ambazo bibi, mama yake mama, anapangusa sahani. Wageni wote wamesimama wanacheza. Yeye ameinamia beseni, khanga kaifunga kiunoni, hana habari na muziki. Alifariki miezi minne baadaye. Hatuna video nyingine yake.

Kijana aliyeihariri harusi ile ana chumba kidogo hapa Mbalizi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Lori likipita, dirisha linatikisika. Alikuwa na saa sita za picha, akatutolea saa moja na nusu. Nilidhani kazi yake ni kubandika muziki na maua yanayodondoka. Siku nilipokaa naye ndipo nilipoelewa kwamba saa zile sita alizipitia zote, akiwatazama watu asiowajua kwa makini kuliko sisi ndugu tulivyotazamana siku ile.

Tangu hapo namfikiria sana mhariri wa filamu Thelma Schoonmaker. Ni Mmarekani, ila alizaliwa Afrika, jijini Algiers, mwaka 1940. Ujanani alitaka kuwa mwanadiplomasia. Kwenye usaili akasema waziwazi kwamba anapinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, jambo ambalo halikuwapendeza wasaili. Baadaye akaona tangazo gazetini: New York anatafutwa msaidizi wa kuhariri filamu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzifupisha filamu za mabingwa wa Ulaya ili zitoshee muda wa televisheni. Yaani aliuingia ufundi huu kupitia mlango wake mbaya kuliko yote, kukata bila kujali kinachopotea.

Katika kozi fupi ya chuo kikuu akakutana na mwanafunzi aitwaye Martin Scorsese, ambaye negativu ya filamu yake ilikuwa imekatwa vibaya. Thelma akaitwa kuinusuru. Filamu ya Woodstock ya mwaka 1970 ikamfikisha kwenye kushindania Oscar, lakini chama cha wahariri kilitaka kwanza apitie miaka ya uanagenzi kana kwamba hajui kitu. Miaka ya sabini Scorsese akatengeneza filamu kubwa, nazo zikahaririwa na wengine. Alipopokelewa chamani wakafanya Raging Bull ya mwaka 1980, na Oscar ya kwanza kati ya tatu ikawa yake. Kuanzia hapo kila filamu ya hadithi ya Scorsese imepita mikononi mwake, hadi Killers of the Flower Moon ya mwaka 2023.

Ila linalonigusa zaidi ni jambo jingine. Mumewe, mwongozaji Mwingereza Michael Powell, alifariki mwaka 1990. Tangu wakati huo Thelma amekuwa akishughulika kuzikarabati filamu za marehemu, ili rangi zake zirudi na watu wazione tena. Aliyeanza kazi kwa kupunguza filamu za wenzake, uzeeni anairudishia uhai kazi ya mtu aliyempenda. Naona heshima kubwa katika safari hiyo, kubwa kuliko sanamu zile za dhahabu.

Wiki iliyopita nilirudi kwa kijana wetu na flashi, nikamwomba anitolee kipande cha bibi peke yake. Akafungua kompyuta, akatafuta kidogo.

"Mwalimu, hapa palikuwa na sekunde kumi na mbili," akasema. "Tatu nilizitoa."

"Kwa nini?"

"Mwishoni bibi aligeuka akaiona kamera, akajifunika uso kwa khanga. Nikaona tunamsumbua."

Akaniuliza kama nazitaka na hizo tatu, maana bado anazo. Nilikaa kimya muda mrefu, umeme ukakatika, ukarudi. Nikamwambia aache palepale alipokata.