Hukumu Isiyongoja Toba

Mwaka 1972 kampuni ya Amicus ya Uingereza ilitoa Tales from the Crypt, filamu iliyoongozwa na Freddie Francis. Watu watano wanaozuru makaburi ya chini ya ardhi wanapotezana na wenzao na kujikuta mbele ya mlinzi mwenye joho la mtawa, naye anamwonyesha kila mmoja kifo chake. Ni hadithi tano ndani ya moja, mtindo ambao wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanaujua vizuri. Filamu za namna hii zingali zinatazamwa, ingawa leo damu yake ni rangi tupu na maiti zake ni vinyago. Basi kinachowavuta watu si woga. Nadai ni kiu ya kuona hukumu ikipitishwa.

Chukua hadithi ya Meja Rogers, msimamizi mpya wa makao ya vipofu. Anabana joto na chakula mpaka mmoja wao anakufa, ilhali yeye na mbwa wake wanakula na kusaza. Vipofu hawaendi mahakamani. Wanamfungia, wanamshindisha mbwa njaa, wanamjengea Meja ujia mwembamba wenye kuta za nyembe, kisha wanamfungulia mbwa na kuzima taa. Akina Rogers tunao, na wengi huzikwa kwa heshima zote. Tunaposema malipo ni hapa hapa duniani, mara nyingi tunamliwaza aliyedhulumiwa kwa sababu malipo yenyewe hayajaonekana. Filamu inayaonyesha kabla nusu saa haijatimia. Ufupi huo nao una maana yake: riwaya humpa mhusika muda wa kujuta, robo saa haimpi. Anatenda, ananaswa, basi. Ndiyo maana mlinzi anapofichua kwamba hakuwa akiwaonya wale watano, kwamba wamekwisha kufa bila kutubu, hatushtuki sana. Uislamu na Ukristo hufundisha kuwa mlango wa toba u wazi hadi roho ifike kooni. Filamu hizi huufunga mapema, nasi twaketi kitini tumeridhika.

Mtu atauliza: na wasio na kosa? Katika filamu ya Kwaidan ya Masaki Kobayashi, Hoichi, mpiga ala kipofu, anang'olewa masikio na mzuka bila kumdhulumu yeyote. Kweli, lakini hata pale kuna sababu: maandiko ya kumkinga yaliandikwa mwili mzima, masikio yakasahauliwa. Binadamu huvumilia adhabu kali kuliko msiba usio na maana. Filamu ya Dead of Night ya 1945 ndiyo inayonipa taabu, kwa kuwa ndoto ya msanifu majengo mmoja inarudi mwanzo bila kumlipa mtu chochote. Naihesabu kuwa bora kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo hailingani nazo.

Pingamizi zito zaidi ni la kidini: kufurahia kisasi ni dhambi, hata kisasi cha kubuni. Sina jibu la kulifuta. Kumtakia dhalimu malipo si dhambi, ila kuyaonea raha mateso yake kunatuweka upande wa mbwa mwenye njaa. Hadithi ya Meja inakatika pale pale gizani, na vipofu hatuwaoni tena asubuhi yake, wakiwa na maiti ndani ya nyumba. Hapo, naona mimi, Amicus waliogopa.