Mtumishi wa Nyumbani na Haki Yake



Kabla hakujapambazuka pale Mbagala, Tandika au Tandale, mama amekwisha shika mkoba wake na kukimbilia daladala, aende kuuza duka Kariakoo au kufanya kazi kiwandani Chang'ombe. Nyuma yake mlango hufungwa na msichana aliyetoka bara, pengine Singida, pengine Iringa. Ndiye atakayewaamsha watoto na kuwavika sare za shule. Ndiye atakayefua, atakayepika, na kumbembeleza mdogo hata mama arudi usiku. Twamwita "dada". Juu ya dada huyu twataka kusema neno leo, maana twaogopa ya kuwa katika nyumba nyingi za Wakristu haki yake hupotea, na wenye nyumba hawaoni kama wametenda dhambi.

Serikali haikumsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumtenga mtumishi wa nyumbani na wafanyakazi wengine. Imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Imeamuru masharti ya kazi yaandikwe, na mfanyakazi aelezwe kwa namna anayoifahamu. Imeweka mapumziko ya saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 kila mwaka. Mshahara nao umepandishwa: mwaka 2013 kima cha chini cha mtumishi anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 ikaweka 60,000, na 120,000 kwa yule anayerudi kulala kwake. Mwaka 2025 Serikali ikatangaza amri nyingine, ya kuongeza mishahara ya sekta binafsi tangu Januari 2026. Basi yampasa kila mwajiri akiulize kiwango kipya, asikae na hesabu za zamani.

Lakini sheria hufika mlangoni ikasimama. Afisa wa kazi aweza kuingia kiwandani akafungua daftari la mishahara. Ni nani atakayeingia jikoni mwetu? Hapo hakuna shahidi ila Mungu na dhamiri yetu. Nayo dhamiri, tusipoilinda, hujifunza kutoa udhuru.

Udhuru wa kwanza ni huu: "Huyu ni kama mtoto wetu, anakula kwetu, analala kwetu, ya nini tena mshahara?" Ni maneno matamu, lakini tuyapime. Mtoto wetu twampeleka shule. Akiugua, hatumpakii basi arudi kijijini. Tukifa, mali yetu ni yake. Ikiwa dada hapati fungu la mtoto, twawezaje kumnyima fungu la mfanyakazi? Na tofauti ile ya 120,000 na 60,000 yatosha kuonyesha kwamba chakula na malazi vimekwisha hesabiwa.

Tumkumbuke Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudani, aliyeuzwa utumwani angali mtoto, kisha akawa yaya katika nyumba ya watu huko Italia. Alimpenda sana mtoto aliyemlea. Bibi wa nyumba alipotaka kuondoka naye, Bakhita alikataa, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ilitamka kwamba alikuwa mtu huru. Mapendo yake kwa mtoto yule hayakuifuta haki yake. Mwaka 2000 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Udhuru wa pili ni mzito zaidi: "Mimi mwenyewe ni maskini." Ni kweli. Katika amri ile ya Januari 2023 kima cha chini cha biashara na viwanda kilikuwa shilingi 150,000. Mama aliyepokea hizo, akamlipa dada 60,000, alibaki na 90,000 za kodi ya chumba, unga na nauli. Hatuthubutu kumhukumu mama huyu kwa haraka. Wenye viwanda na maduka wasikie kwanza: anayemweka mtu kibarua miaka na miaka ili asimwandikie mkataba wala kumchangia NSSF, huyo humdhulumu mama, na kwa mkono wa mama humdhulumu dada pia.

Hata hivyo umaskini wetu hautupi ruhusa ya kuchukua cha aliye maskini kuliko sisi. Asiyeweza kulipa asimtoe binti wa watu kwao kwa ahadi ya uongo. Yafaa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilizungumze jambo hili: akina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja waweza kushirikiana kumlipa mlezi mmoja kwa haki, kuliko kila mmoja kumdhulumu wake.

Na aliye naye, amlipe kila mwezi mkononi mwake. Asimwambie "nimekuwekea", kisha siku ya kuondoka fedha zisionekane. Asimkate kwa sahani iliyovunjika. Amwandikishe NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu yake. Jumapili asimwache kulinda sufuria wakati nyumba nzima iko kwenye Misa Takatifu. Na akiwa Mwislamu, ampe nafasi ya sala zake.

Nanyi wazazi wa bara, msimtoe binti shuleni kwa ahadi ya mjini. Kabla hajapanda basi ulizeni: anakwenda kwa nani, kwa mshahara gani, na atapumzika siku ipi? Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012, ulifungamanisha sehemu ya ruzuku na mahudhurio ya watoto shuleni, kwa sababu mtoto aliyeacha masomo hubaki katika umaskini ule ule wa wazazi wake.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba kupatana tu hakuufanyi mshahara kuwa wa haki, ikiwa hautoshi kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba barua hiyo ni mojawapo ya sababu za kulichagua jina lake.

Katekisimu ilitufundisha tangu utoto kwamba ziko dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Mtume Yakobo naye aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia umepaza sauti, na Bwana amesikia. Basi, ndugu wapendwa, kabla ya kwenda kuungama tuhesabu miezi ambayo dada hajalipwa. Tumlipe kwanza, kisha twende kwa padri.