Amana ya Akili na Hisabu Yake

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa ihsani hadi siku ya kiyama. Ama baad: ndugu zangu waumini, wake kwa waume, nakuusieni, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, tumche Mola wetu kwa siri na dhahiri, na tukumbuke kwamba akili tuliyopewa ni amana, na hakuna amana isiyokuwa na siku ya kurejeshwa.

Tazameni amana hii ilivyoumbwa. Ndani ya ubongo mna mabilioni ya seli za fahamu, na baina ya seli na jirani yake pana mwanya mwembamba ambao habari huuvuka kwa kubebwa na wajumbe wa kikemia. Mmojawapo ni asetilikolini. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi, kwa kuchunguza mioyo ya vyura, alithibitisha kwamba mishipa ya fahamu hupeleka habari kwa kemikali, na mwaka 1936 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Asetilikolini hupokelewa na vipokezi vilivyo mfano wa milango: protini 5 zimejipanga duara kuzunguka njia nyembamba, na mjumbe akizigusa, njia hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa kwa jicho, chembe za sodiamu na kalsiamu zikaingia, na seli ikaamka. Kwa milango hii mwanafunzi wa madrasa huzingatia anachosomeshwa na kukihifadhi, na kwa milango ya jamii hiyo iliyomo katika misuli mkono huinuka kwa takbira na goti huinama kwa sujudi. Basi ni nani kati yetu aliyeijenga, hata ajione kuwa ni milki yake?

Lakini yuko mgeni anayeifungua milango hii bila ya idhini, naye ni nikotini iliyomo katika tumbaku. Na kwa jina lake wataalamu wameviita vipokezi hivi, kwa kuwa huvifungua kama avifunguavyo mjumbe mwenyewe. Mtu akivuta moshi, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20. Asetilikolini ikishafikisha ujumbe huvunjwa papo hapo na kimeng'enya kilichowekewa kazi hiyo. Nikotini haivunjwi na kimeng'enya hicho, bali hukaa mlangoni, hata vipokezi vikafa ganzi, na ubongo ukaviongeza idadi. Hapo ndipo utumwa huanza: nikotini ikipungua mwilini, vipokezi vile hudai, moyo ukadhikika, hasira zikapanda, na mja akaikimbilia sigara akidhani yamfariji, ilhali yamwondolea dhiki ambayo yenyewe ndiyo iliyoileta. Enyi ndugu zangu, tahadharini kumpa mgeni funguo za nyumba isiyokuwa yenu.

Wala hisabu haitakuwa juu ya nafsi zetu peke yake. Nikotini ya mama mjamzito hupenya kondo ikamfikia mtoto tumboni, ilhali ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Kijana naye ubongo wake huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na uraibu humkamata upesi. Mvunaji wa tumbaku, kama ndugu zetu wa Tabora, akishika majani mabichi yenye umande kwa mikono mitupu, nikotini huweza kupita ngozini, akashikwa na kichefuchefu na kizunguzungu hali hakuvuta kitu. Shirika la Afya Duniani latangaza kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta, waliodhuriwa na moshi wa wengine. Basi ewe baba uvutaye sebuleni mbele ya watoto, ewe mwenye duka umuuziaye mtoto sigara moja moja, ewe kijana umwitaye mwenzio kwenye shisha: ni jawabu gani uliyoiandaa siku ambayo kila mwenye haki ataidai haki yake?

Wako pia waliopungukiwa kwa qadari, si kwa matendo yao. Katika maradhi ya Alzheimer, seli nyingi zitengenezazo asetilikolini hufa na vipokezi vya nikotini hupungua, hata mzee akaipotea njia ya msikitini aliyoipita umri wake wote. Na zipo dawa zinazomzuia mjumbe asivunjwe upesi, zikapunguza shida kwa muda bila ya kuyaondoa maradhi. Katika maradhi ya myasthenia, kinga ya mwili huvishambulia vipokezi vya misuli, kope zikaanguka na mikono ikalegea. Na mwaka 1995 ilibainika kwamba aina moja ya kifafa cha usiku, kirithiwacho katika ukoo, huweza kutokana na hitilafu katika jeni ya kipokezi kama hiki. Msimwite mzee huyo mkaidi, wala mgonjwa huyo mvivu, wala mwenye kifafa msiseme amelogwa. Wapelekeni kwa matabibu, na wavumilieni. Aliyebakishiwa akili timamu anadaiwa huruma kwa aliyepungukiwa, na deni hilo nalo lina siku yake.

Umri ni mfupi, ndugu zangu, na mlango wa toba bado u wazi. Mwenye kuacha tumbaku hupata mashaka makali siku za mwanzo, kisha yakapungua, na baada ya wiki kadhaa vipokezi vilivyozidi hurudi kwenye kiasi chake. Mbona mwezi wa Ramadhani mvutaji hukaa bila ya kuvuta tangu alfajiri hadi magharibi, akaweza? Aliyempa nguvu mchana huo ndiye Mola wa miezi yote. Na aliyeshindwa peke yake asione haya kumwendea tabibu, kwani ipo dawa iitwayo vareniklini, ishikayo vipokezi vivyo hivyo, ikapunguza uchu na kuinyima nikotini nafasi. Asiseme mtu ataacha kesho, maana kesho hakuandikiwa hati yake.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie akili zetu, waafu wagonjwa wetu, walinde watoto wetu na madhara ya mikono yetu, na utujaalie tuirejeshe amana yako ikiwa salama. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.